Ulimi Usiojua Sukari

Tulimwita Karani kwa lile doa jeusi mdomoni,
kama mtu aliyeramba wino kazini.
Kibokoni nzima humjua kwa tumbo lake.
Amekula mbaazi. Amekula nyama ya tikiti, nyekundu mpaka nyeupe.
Hamri huanza na upande ulioiva zaidi,
na mwezi wa Ramadhani, adhana bado,
alifuturu peke yake kwa kachori ya Bi Muhaji.
Watu wakasema mtupeni sokoni Mackinnon.
Mama akajibu: paka wa nyumba haingwa.

Ni mama aliyefanya ule mzaha.
"Si samaki wa kupaka?
Basi ni wake, jina lenyewe linasema."
Akamtilia kibakuli cha rojo zito la nazi,
kitunguu kimekolea, thomu imekolea,
na Karani akaramba hadi maua ya kibakuli yakaonekana.

Siku ya tatu alikuwa chini ya kitanda.
Nilimfunua mdomo: fizi nyeupe kama chokaa.
Mkojo wake rangi ya chai kavu.
Tukamtia katika kikapu cha ukili, kile cha sokoni,
tukapanda tuktuk mpaka Tudor,
mama kakumbatia kikapu kwa mikono yote miwili,
anasoma, anapuliza, anasoma.

Daktari Mwachiti hakutukaripia.
Alisafisha miwani kwanza, muda mrefu.
"Kitunguu hutafuna damu ya paka," alisema.
"Kibichi, cha kukaanga, cha unga, ni mamoja.
Thomu ndiyo mbaya zaidi."
Kisha akaandika nyuma ya risiti:
zabibu hapana, hata zile kavu za pilau;
chokoleti, kahawa, unga wa hamri uliokwisha kuumuka;
mfupa uliopikwa, kwani huvunjika sindano;
uzi wa cherehani,
na ukiuona umening'inia, usiuvute, mlete;
yungiyungi la harusini, hata vumbi lake;
na maziwa.
Hapo mama alishtuka.
"Maziwa, daktari?"
"Wengi wao huwaharisha wakishaacha ziwa."

"Ale nini basi, hewa?"
"Samaki wa maji matupu, miiba umeitoa.
Kuku vivyo hivyo. Boga, kijiko.
Tikiti mara mojamoja, bila kokwa.
Lakini paka ni mla nyama, mama.
Hayo mengine kwake ni mazungumzo."

Mama akanyamaza, akapangusa meza kwa ncha ya leso,
meza isiyo yake, isiyo na vumbi.
"Na halwa?"

Nikageuka kumtazama.
Mama ana sukari mwaka wa tisa huu.
Halwa haiingii kwetu.
Mimi ndiye niliyeizuia mlangoni.

Daktari akacheka kidogo.
"Usimpe. Ila jua, ulimi wake haujui utamu.
Kaumbwa hivyo. Ukimwona anaramba halwa,
anafuata samli."

Karani alipona taratibu, wiki baada ya wiki,
kwa dripu, kwa vidonge vya kuvizia,
kwa maini ya kuku yasiyogusa hata chumvi.
Siku hizi wanakula pamoja barazani, wagonjwa wangu wawili:
huyu changu wa kuchemsha, bila mwiba,
yule mchicha wa maji na ugali wa wimbi, ngumi moja.
Jana nilimsikia mama akimsemesha:
"Heri yako. Wewe hujui unachokosa.
Mimi nakijua mpaka iliki yake,
najua inavyovutika, inavyokataa kuachana na kidole."
Karani akapiga miayo.

Leo asubuhi, nikifagia nyuma ya cherehani,
nimekuta karatasi ya halwa,
imerambwa ikawa safi, inang'aa, inaonyesha mwanga.
Ina alama ya jino moja.

Nimeikunja mara nne, nikaitupa.
Sikuuliza ni ulimi wa nani.